Kiti cha Kushoto

Walimkatalia kwa upole, na upole ule ulimchosha Juspina kuliko kama wangemfokea. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, wamezunguka meza mbili zilizounganishwa katika mkahawa ulio pembeni mwa uwanja wa gulio, katika mji mdogo wa Tambunan, na kila mmoja alikuwa na glasi ya chai ya maziwa mbele yake. Yeye hakuagiziwa kitu. Alisimama, mkoba ameubana kwapani, kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mtoto.

"Shemeji, tusikilizane," alisema Welfred, mwenyekiti wa klabu ya magari ya porini. Alikuwa mkandarasi wa barabara, mtu wa tumbo na bashasha, aliyekaa dawati moja na mume wa Juspina tangu darasa la kwanza. "Hakuna mtu hapa asiyetaka Gaibin aje. Gaibin ni mwanachama namba nne! Wakati tunaanza kucheza na matope, hawa wengine walikuwa bado wanakojoa kitandani. Lakini kanuni ni kanuni. Gari likiwa kwenye msafara, anayeshika usukani ni mwanachama."

"Mwanachama mkono wake wa kulia umekufa," alisema Juspina.

"Ndiyo maana nasema aje na mimi. Gari langu lina kiyoyozi, lina viti vipana. Nitamwekea mto mgongoni."

"Anataka kwenda na gari lake."

"Sasa nani ataliendesha?"

"Mimi."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliozoea kupikiwa na mtu, halafu mtu huyo amesema jambo la kuchekesha.

"Mama Evana," alisema Jeffrin, kijana mwenye duka la vipuri, ambaye gari lake lilikuwa limeinuliwa mpaka magurudumu yake yalimfika Juspina kifuani. "Barabara ya lami na njia ya magogo ni vitu viwili tofauti."

"Kila Jumatano nashusha tangawizi kutoka mlimani. Huko kuna lami?"

"Tangawizi hailalamiki ukiiingiza shimoni."

Walicheka tena. Juspina akangoja wamalize. Mwishowe Welfred, ambaye hakupenda mtu aondoke mkutanoni na uso mzito, alitoa suluhisho: Juspina aendeshe sehemu nyepesi, na wakifika penye kazi, mwanaume mmoja ashuke kwenye gari lake amshikie usukani. Kwa usalama wao wenyewe. Wote walitikisa vichwa, wakaona wametenda haki.

"Na jikoni utakuwepo, sivyo?" aliuliza mtu wa mwisho wa meza. "Mwaka jana ulipokuwa hospitali na mzee tulikula tambi za pakiti siku tatu. Niliumwa tumbo wiki nzima."

"Nitakuwepo," alisema Juspina.

*

Gaibin alikuwa amekaa barazani, ameelekea mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu kiharusi kimwangushe bafuni. Mguu wa kulia ulikuwa umerudi kidogo, wa kuburuta. Mkono haukurudi. Maneno yalirudi moja moja, yamechelewa, na mengine yalifika yakiwa yamekatika.

Juspina alimweleza yote huku akimmenyea papai. Hakupunguza wala kuongeza. Aliposema kwamba penye kazi ataendesha mwanaume mwingine, Gaibin alifumba macho, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Gaibin."

Akafumbua macho.

"Ile kanuni ya usukani. Nani aliileta?"

Alijua jibu. Alitaka tu kumwona akilitoa. Gaibin aliinua mkono wa kushoto polepole, akajigusa kifuani.

Ilikuwa miaka tisa nyuma. Mwalimu mmoja wa kike aliyehamishiwa Tambunan kutoka pwani alikuja na gari lake dogo la magurudumu manne yanayovuta, akaomba kujiunga. Mkutano ulifanyika hapo hapo nyumbani kwao. Gaibin ndiye aliyesimama akasema, leo mwalimu, kesho wake zetu, keshokutwa sisi ndio tutakuwa tunakaanga ndizi. Nyumba nzima iliangua kicheko. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na mlango. Alitabasamu, akamaliza maji yake, akaaga. Hakuonekana tena mkutanoni. Kanuni iliandikwa usiku ule ule, kwa mwandiko wa Gaibin.

"Mimi nilikuwa jikoni nakaanga hizo ndizi," alisema Juspina. "Nilicheka na mimi."

Alimpa kipande cha papai kwenye mkono mzima. Hawakulizungumza tena jambo lile. Hapakuwa na hasira ndani yake, au kama ilikuwepo, hakuisikia. Tangu siku ya hospitali alikuwa akiishi kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unajua shavu ni lako, lakini ukiligusa ni kama la mwingine.

*

Msafara uliondoka Jumamosi ya pili ya Mei, baada ya misa ya asubuhi, magari kumi na mawili. Gaibin alivaa fulana ya klabu ambayo sasa ilimpwaya. Juspina alimpandisha kiti cha kushoto cha pikapu yao, akamfunga mkanda, akamwekea redio ya upepo mapajani ili asikie wenzake wakitaniana. Nyuma ya gari la jikoni, lililobeba chakula cha msafara, alipakia masufuria, wali uliofungwa kwenye majani, samaki wa mtoni aliyechachushwa, na mtungi mmoja wa tapai, pombe ya mchele, kwa ajili ya jioni.

Njia ya magogo ilikuwa imelowa. Kwenye mlima waliouita wa Sabuni, magari mawili ya mbele yaliteleza yakakaa mkao wa aibu, na wakati wanaume wanahangaika na waya wa winchi wa kuyavutia, foleni ikavurugika. Hakuja mtu kuchukua usukani wa Juspina. Alingoja kidogo. Kisha akaingiza gia nzito, akaweka magurudumu juu ya mgongo wa njia badala ya kwenye mifereji, akapanda bila kukanyaga mafuta kwa pupa, taratibu, kama anavyopanda kila Jumatano. Alipita pembeni mwa magari yaliyokwama, akaegesha juu kileleni.

Redio ikakwaruza. "Nani huyo kapanda bila kuitwa?"

"Gari la Gaibin."

"Aaah! Mzee bado yumo!"

Gaibin alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Alimwangalia mkewe, akasema neno moja likiwa zima, bila kukatika: "Vizuri."

Kwa muda kama wa nusu saa, Juspina alihisi kitu. Hakukipa jina. Alifungua dirisha na kuendesha.

Kwenye mto Tondulu wote walisimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, si mengi sana, lakini yenye nguvu. Welfred alivuka wa kwanza, akageuza gari ng'ambo, akashuka kuelekeza wengine kwa mikono. Juspina aliteremka, akatazama. Mto ule aliujua. Changarawe ilijikusanya upande wa kushoto, ikafanya kama tuta chini ya maji. Ukifuata tuta, maji hayazidi kitovu cha gurudumu. Ukienda moja kwa moja kuna shimo, na gari la kimo cha kawaida, lisilo na bomba la kupumulia juu, halina la kufanya humo.

Jeffrin alikuja akiruka madimbwi. "Ufunguo uko ndani, Mama Evana?"

"Upo. Fuata kushoto. Kuna shimo katikati."

"Nimevuka mto huu mara ngapi?"

"Na gari lako. Hili liko chini."

"Mama," alisema Jeffrin, akimwekea mkono begani, "nenda kapande gari la jikoni. Tutakutana upande wa pili, utupikie kitu cha maana."

Juspina alimtazama Gaibin kupitia dirishani. Laiti Gaibin angetikisa kichwa kukataa, angerudi kwenye usukani, na liwe liwalo. Lakini Gaibin alikuwa anamtazama Welfred ng'ambo, aliyekuwa anapunga mikono yote miwili, anaita, "Njoo, kaka! Njoo!" na uso wa Gaibin ulikuwa uso wa mtu anayeitwa na wenzake. Juspina akaenda kupanda gari la jikoni.

Jeffrin aliingia mtoni moja kwa moja na kwa kasi, kama alivyozoea. Wimbi lilipanda juu ya boneti. Waliokuwa ukingoni walishangilia, maana lilikuwa wimbi zuri, na mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Katika rekodi ile, ambayo baadaye watu wengi waliitazama, inasikika sauti ya Gaibin kupitia redio iliyokuwa mapajani mwake: "Ku... sho... Ku... sho..." na sauti ya Jeffrin ikimjibu kwa uchangamfu, "Ndiyo mzee, twende, twende!" Kisha injini inakata.

Pikapu ilisimama katikati ya shimo. Maji yakaanza kuisukuma pua ielekee chini mtoni. Jeffrin alijaribu kuwasha, mara ya kwanza, mara ya pili, na kwa kila jaribio injini ilimeza maji zaidi. Kisha maji yalifika kwenye kiti, naye akatoka kwa dirishani, akashika reli ya nyuma, akapiga kelele wamrushie kamba. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, akasahau.

Kifungio cha mkanda wa kiti cha kushoto kiko upande wa kulia wa aliyekaa. Gaibin hakuwa na mkono wa kulia. Alikuwa anajaribu kupinda wa kushoto uvuke tumbo, na kila alipokaribia, mkondo ulilisukuma gari na yeye akaegemea upande mwingine.

Juspina hakukumbuka baadaye alivyofika majini. Alikumbuka tu sauti za wanaume wakisema, "Mama Evana, rudi! Mama Evana!" na baridi ikimpanda mapajani, kiunoni. Hakukata moja kwa moja kwenda kwenye gari. Alizunguka kwa kushoto, akafuata tuta la changarawe kwa miguu, maji yakiwa ya magoti mpaka mahali pa mwisho, ambapo yalimfika kifuani. Alipita nyuma ya gari hadi mlango wa dereva, akaufungua, akapanda, akajinyoosha, akabonyeza kifungio. Kisha akakaa kwenye usukani wa gari lililokufa, amemshika mumewe ukosi wa fulana ili kichwa kisiegemee majini.

"Leteni waya!" aliita. "Ndoano ya nyuma, kulia! Ya kushoto imeliwa na kutu!"

Walileta waya. Walivuta kwa ndoano ya kulia. Gari lilitoka mtoni kinyumenyume, linatiririka kila upande, na Gaibin alibebwa na watu wanne hadi kwenye majani. Suruali yake ilikuwa imeloa, lakini si maji ya mto peke yake, na watu wanne wale wote walilijua jambo hilo na wote wakajifanya hawakulijua. Juspina alimfunika kwa kitambaa cha kufunikia sufuria. Yule mwenye simu aliendelea kurekodi mpaka Welfred alipomwambia, kutoka ng'ambo, aizime.

Jioni ile, kambini, Juspina aliwapikia. Hakuna aliyemwambia apike. Masufuria yalikuwepo, na wali ulikuwepo, na mikono ilijua la kufanya.

*

Fundi aliifungua injini, akakuta mikono miwili ya pistoni imepinda. Pikapu ilibaki kwake, imeinuliwa juu ya magogo. Tangawizi ya Jumatano ilishushwa kwa gari la jirani, naye jirani alichukua nusu ya mzigo kuwa malipo yake. Evana, mtoto wao, alipiga simu kutoka hotelini alikofanya kazi pwani, akauliza klabu imesema nini. Juspina alimwambia klabu itakuja.

Walikuja Jumapili, wamevaa fulana zinazofanana. Walileta kikapu kilichofungwa karatasi ya kung'aa: biskuti, maziwa ya kopo, mchuzi wa kuku kwenye chupa, nepi za watu wazima. Walileta pia hundi ya bango, kubwa kama mlango, imeandikwa jina la Gaibin kwa rangi nyekundu. Gaibin hakuwa anatumia nepi. Juspina alichukua pakiti ile akaiweka ndani kabla mumewe hajasoma maandishi yake, lakini Gaibin alikuwa amekwisha kuyasoma.

"Kaka, klabu haikutupi," alisema Welfred. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Gaibin, akamshika mkono, ule uliokufa, akaubana kwa nguvu. "Nilikuona pale mtoni nikasema Mungu wangu, nitamwambia nini Evana."

Jeffrin alisimama nyuma ya wengine, anachezea funguo zake. Juspina alimletea kahawa kama wengine. Alipoipokea alisema kwa sauti ya chini, "Gari lenyewe la zamani, Mama. Linapitisha maji."

"Sukari iko kwenye sahani," alisema Juspina.

Wakapanga mstari wa picha. Gaibin katikati, kikapu miguuni, bango mbele yake. Alipewa alishike kwa mkono mmoja, na Welfred akashika pembe ya pili. Juspina alisimama karibu na bega la mumewe, mahali alipozoea kusimama ili akiyumba amdake.

"Shemeji, sogea kidogo," alisema mpiga picha. "Bango lionekane lote."

Akasogea. Akasogea tena. Mwishowe akawa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nje ya picha, anatazama migongo ya watu. Walipiga picha sita. Kisha wakalikunja bango, wakaliingiza kwenye gari, maana lilikuwa la kufutika na lingehitajika tena. Pesa zenyewe, alieleza Welfred, zingepitia benki wiki ijayo. Zilipopita zilitosha kununua mikono ya pistoni, hazikutosha kulipa fundi.

Kabla ya kuondoka Welfred alimvuta pembeni, karibu na mtungi wa maji ya mvua.

"Shemeji, kuna jambo tumeamua kwenye kamati. Usilichukulie vibaya. Baada ya ile ajali, tumeona safari za porini ziwe za watu wenye afya tu. Na usukani wasishike tena watu wasio wanachama, hata kwenye sehemu nyepesi. Unaelewa? Ni kwa usalama."

"Aliyezamisha gari ni mwanachama," alisema Juspina.

Welfred alitazama chini, akatazama mtungi. "Tusianze kulaumiana, shemeji. Wote tulipata mshtuko." Akampigapiga begani, mahali pale pale Jeffrin alipoweka mkono, akaenda.

Juspina aliosha vikombe kumi na kimoja. Alikuwa amengoja kwa wiki tatu ajisikie kulia, na pale penye beseni alifikiri labda sasa. Machozi hayakuja. Alivipangusa, akavipanga kabatini.

*

Picha iliwekwa kwenye kundi la simu la klabu siku ile ile, saa kumi alasiri. Gaibin alikuwa barazani, simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ili aifikie kwa kidole gumba cha kushoto. Juspina alikuwa karibu naye, anachagua tangawizi, zilizooza huku, nzima huku.

Chini ya picha Welfred alikuwa ameandika: *Klabu haimtupi mtu wake. Gari la mwenzetu lilizima mtoni kwa sababu ya uchakavu, lakini udugu wetu hauchakai.* Zikamiminika alama za mikono iliyofumbatwa na mioyo. Mtu akauliza bei ya matairi. Mwingine akamjibu.

Gaibin alianza kuandika. Juspina hakuona ajabu. Mara nyingi aliandika asante, na asante ilimchukua muda. Lakini muda ukapita. Kidole kilikosea, kikafuta, kikarudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Juspina alitaka kumuuliza kama amsaidie, akaona midomo yake inavyosogea, anatafuta herufi kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka gizani, akamwacha. Karibu robo saa ilipita. Kisha simu ikalia sauti ndogo ya ujumbe uliokwenda.

Juspina alifuta mikono kwenye khanga, akainama kusoma.

*Pina angevuka.*

Walikaa wakitazama kioo. Jina lile alilitumia Gaibin peke yake, tangu wakiwa wachumba. Mazungumzo ya matairi yalikoma. Kisha mmoja wa wale wanachama, mtu aliyekula chakula cha Juspina kila Mei kwa miaka saba, akaandika:

*Pina ni nani?*

Mwingine akaweka uso unaocheka. Mwingine akaandika kwamba labda mzee amechanganya kundi. Ukaja uso mwingine unaocheka, na mwingine.

Gaibin alivuta pumzi. Kidole gumba kilishuka tena, kikagusa juu ya kioo, kikagusa chini, kikangoja, kikagusa mara ya mwisho. Kundi lote likapotea, picha, bango, miaka kumi na tisa ya misafara. Kilibaki kioo chenye majina machache: Evana, kliniki, fundi.

Juspina alirudi kwenye tangawizi. Alichukua moja, akaigeuza, akashindwa kukumbuka ni ya kundi gani, akaishika tu mkononi.

Simu yake mwenyewe iliita kabla hajaiweka chini ile tangawizi.

"Shemeji!" Sauti ya Welfred ilikuwa na haraka na kicheko kidogo cha wasiwasi. "Naona Gaibin ametoka kwenye kundi. Nadhani kidole kimeteleza, na hali yake hiyo. Nimrudishe? Ni sekunde moja tu, nimrudishe?"

Juspina aliondoa simu sikioni, akaibana kifuani. "Ni Welfred. Anasema kidole chako kimeteleza. Anauliza akurudishe?"

Gaibin alimgeukia. Neno lilikuwa refu, na alilijua kuwa refu. Alijipanga kwanza, akameza mate, akashika ukingo wa kiti kwa mkono mzima.

"Ha," alisema. Akapumzika. "Haki... ku..."

Juspina alingoja. Upande wa pili wa simu Welfred naye alingoja, anapumua.

"...teleza."

Juspina akairudisha simu sikioni.

"Anasema hakikuteleza," alisema, akakata.